Makosa ya Kunakili Yanayotueleza Tulikotoka

Chukua methali "Haba na haba hujaza kibaba", umpe mtu ainakili kwa mkono. Nakala yake mpe wa pili aiandike upya, ya wa pili mpe wa tatu, na iende hivyo kizazi baada ya kizazi, nakala za zamani zikioza na kupotea. Kila mnakili ni mwangalifu, lakini hakuna asiyeteleza. Baada ya muda mrefu unakusanya nakala nne zilizosalia, na zinasomeka hivi:

Haba na haba hutaza kibaba
Haba na hapa hujaza kibaba
Haba na hapa hujaza kibata
Haba na hapa hujasa kibata

Hakuna aliyekuambia nani alinakili kwa nani, lakini waweza kujua. Tatu za mwisho zina "hapa" mahali pa "haba" ya pili. Si rahisi watu watatu wateleze pale pale, kwa herufi ile ile, bila kuhusiana. Basi zina asili moja. Kati ya hizo, mbili zina "kibata", kwa hiyo ni ndugu wa karibu zaidi, na ya mwisho imejiongezea kosa lake yenyewe la "hujasa". Ile ya kwanza ilijitenga mapema, kabla "hapa" haijatokea.

Utajuaje kwamba "haba" ndiyo ya awali na "hapa" ndilo kosa? Sisi methali tunaijua. Wanasayansi wa vinasaba hawana bahati hiyo, hivyo wao humtazama sokwe mtu, ambaye ukoo wake ulitengana na wetu mamilioni ya miaka iliyopita. Herufi ambayo baadhi ya watu wanaichangia na sokwe huchukuliwa kuwa ndiyo ya zamani, na ile iliyo kwa watu peke yao kuwa ndiyo mpya.

Elimu nzima ya kufuatilia safari za mwanadamu kwa vinasaba imejengwa juu ya mbinu hiyo. DNA ni maandishi ya herufi nne, A, C, G na T, na nakala tunayopokea kwa kila mzazi ina herufi takriban bilioni 3. Kila mtoto huzaliwa na makosa mapya ya kunakili, kwa kawaida 60 au 70 hivi, ambayo wazazi wake hawakuzaliwa nayo. Mengi hayadhuru wala hayafaidishi. Yanapita kimya kwa mtoto, mjukuu, kitukuu na kilembwe. Na kwa kuwa yanaongezeka kwa kasi inayokadirika, ukihesabu tofauti kati ya watu wawili unapata na saa: takriban ni muda gani umepita tangu maandishi yao yalipokuwa kitu kimoja.

Hawa ambaye hakuwa peke yake

Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitangaza matokeo ya kulinganisha DNA ya watu 147 wenye asili za mabara mbalimbali. Karibu sampuli zote zilitoka kwenye kondo la nyuma, lile ambalo kwa kawaida hutupwa baada ya mtoto kuzaliwa. Hawakusoma DNA yote. Walichukua ile ya mitokondria, vijumba vidogo ndani ya seli vinavyozalisha nishati, ambavyo vina maandishi yao wenyewe nje ya kiini. Ni mafupi, herufi 16,569 tu, na yana sifa moja iliyorahisisha kazi: mtoto huyapata kwa mama peke yake. Hayachanganywi na ya baba. Ni kama ile methali yetu, mnakili mmoja na nakala moja mbele yake.

Mti wa ukoo waliouchora ulikuwa na matawi mawili makuu. Moja lilikuwa na watu wa asili ya Afrika pekee, la pili lilikuwa na Waafrika pamoja na watu wengine wote wa dunia. Shina lilikuwa Afrika, na umri wake walikadiria kuwa miaka 200,000 hivi. Wapinzani walikuja juu, na baadhi ya hoja zao zilikuwa na uzito: wengi wa waliohesabiwa kuwa Waafrika walikuwa Wamarekani weusi, na programu ya kompyuta iliyochora mti ingeweza kuchora mingine iliyokaribia ubora ule ule. Ilipofika mwaka 2000, timu nyingine ikasoma maandishi yote ya mitokondria ya watu 53 kutoka pande nyingi za dunia. Shina lilibaki Afrika.

Magazeti yalimbatiza mwanamke huyo wa shinani jina la Hawa, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza. Watu wakaelewa kwamba palikuwa na mwanamke mmoja duniani. Sivyo. Fikiria mwanamke mwenye wana wa kiume watupu: mstari wake wa mitokondria unakatika hapo hapo, hata akiwa na wajukuu arobaini. Wajukuu hao wana damu yake tele, ila mitokondria wameipata kwa mama zao. Mistari ikikatika hivyo mmoja mmoja kwa maelfu ya miaka, lazima ifike siku ubaki mmoja. "Hawa" ni yule ambaye mstari wake haukukatika. Aliishi na wanawake wengine wengi, na wengi wao ni bibi zetu pia, kwa kupitia wana wao wa kiume. Hata cheo chenyewe si cha kudumu: tawi moja la zamani likitoweka leo, Hawa wetu anakuwa mwanamke mwingine wa baadaye.

Upande wa wanaume kuna kromosomu Y, fungu la DNA linalotoka kwa baba kwenda kwa mwana. Hapo "Adamu" alikuwa amekadiriwa kuwa wa juzijuzi kuliko Hawa, mpaka mwaka 2013, ilipochunguzwa sampuli ya Mmarekani mmoja mweusi aliyekuwa amepimwa kwa ajili ya nasaba tu. Kromosomu Y yake haikuingia kwenye tawi lolote lililojulikana. Ilikuwa imejitenga kabla ya matawi yote, na watu wengine wenye nayo wakaja kuonekana miongoni mwa Wambo wa Kamerun. Kwa hiyo Adamu akarudishwa nyuma, zaidi ya miaka 200,000. Yeye na Hawa hawakuwa mume na mke, na hakuna sababu ya kudhani kwamba waliwahi kuonana.

Mnakili mwenye nakala mbili

Mitokondria na kromosomu Y ni mistari miwili tu. DNA iliyobaki, ambayo ndiyo karibu yote, hunakiliwa kwa namna nyingine: mnakili ana nakala mbili mbele yake, ya baba na ya mama, anachukua "Haba na hapa" kwenye moja na "hutaza kibaba" kwenye nyingine. Kila kizazi kinakata na kuunga upya. Maana yake ni kwamba kila kipande cha DNA yako kina mti wake wa ukoo, wenye shina lake mahali pake na wakati wake. Ukiuliza "babu yetu wa pamoja ni nani", jibu la kweli ni: wa kipande kipi?

Hesabu yenyewe inashangaza. Una wazazi 2, babu na bibi 4, na waliowazaa 8. Vizazi 10 nyuma ni nafasi 1,024. Vizazi 30 nyuma, muda usiofika miaka 1,000, ni nafasi 1,073,741,824, na dunia nzima wakati huo haikuwa na hata nusu ya watu hao. Hakuna miujiza: mtu yule yule anajaza nafasi nyingi kwenye ukoo wako, na mtu yule yule yumo kwenye ukoo wa jirani yako. Ndiyo maana mfano wa kompyuta uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mtu wa karibuni kabisa aliye babu au bibi wa kila aliye hai leo huenda aliishi miaka elfu chache tu iliyopita. Lakini kuwa babu yako si lazima akuachie kitu. Kati ya wale 1,024 wa vizazi 10 nyuma, wengi hawana hata kipande kimoja ndani ya DNA yako.

Hii tofauti, kati ya mstari mmoja na maandishi yote, si ya kitaalamu tu. Iliwahi kupotosha sayansi kwa miaka 13.

Waneandertali wanaingia ndani

Mifupa ya Neandertali, jamii ya binadamu wa kale iliyotoweka, ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1856 kwenye bonde la Neander, Ujerumani. Mwaka 1997 timu ya Svante Pääbo ilifaulu kutoa kipande kifupi cha DNA ya mitokondria kwenye mifupa hiyo hiyo. Ilikuwa kazi ya wasiwasi mkubwa. Miaka mitatu nyuma watafiti wengine walikuwa wametangaza kwamba wamepata DNA ya dinosaria, ikaja kugundulika kuwa ni ya binadamu. Mate au ngozi ya mtu mmoja inatosha kuharibu jaribio zima. Kipande cha Neandertali, kwa bahati nzuri, hakikufanana na cha mtu yeyote: kilitofautiana na chetu kwa herufi 27 kwa wastani, wakati watu wa leo wanatofautiana wao kwa wao kwa herufi 8. Wengi wakafunga mjadala. Waneandertali walikuwa watu wengine, walikufa, hawakuchanganyika nasi.

Mwaka 2010 timu hiyo hiyo, ikiwa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, ikatoa rasimu ya jenomu nzima, yaani maandishi yote ya DNA, kutoka kwenye mifupa ya pango la Vindija, Kroatia. Jibu likapinduka. Watu wenye asili ya nje ya Afrika wana DNA ya Neandertali, kwa makadirio ya sasa karibu asilimia 2. Mstari wa mama ulikuwa umekatika. Vipande vingine vilibaki. Na kila mtu hana asilimia 2 ile ile: ukivikusanya vipande vya watu mbalimbali, unaweza kuunga upya angalau sehemu ya tano ya jenomu ya Neandertali, ingawa wenyewe wametoweka miaka 40,000 iliyopita. Waafrika nao wanavyo, vichache zaidi, vingi vikiwa vimerudishwa barani na watu waliorudi kutoka Asia na Ulaya. Pääbo alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2022.

Mwaka ule ule wa 2010 kipande cha mfupa wa kidole kutoka pango la Denisova, Siberia, kilitoa jamii ambayo hakuna aliyejua kwamba ilikuwepo. Wadenisova wanajulikana kwa DNA yao kuliko kwa mifupa yao. Wenyeji wa Papua Guinea Mpya wana asilimia kadhaa ya DNA hiyo, na aina ya jeni iitwayo EPAS1 inayowasaidia watu wa Tibet kuishi kwenye hewa nyepesi ya milimani imetoka kwa Wadenisova.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi mchanganyiko huo ulivyogeuka kuwa saa. Mtoto wa mchanganyiko ana kromosomu nzima nzima za Neandertali. Mjukuu anazo zilizokatwa, kitukuu zilizokatwa zaidi. Kadiri muda unavyopita vipande vinakuwa vifupi, kwa hiyo urefu wa kipande unasema ni vizazi vingapi vimepita. Mwaka 2008 mfupa wa paja ulipatikana ukingoni mwa mto Irtysh, karibu na Ust'-Ishim, Siberia ya magharibi. Ni wa mwanamume aliyeishi miaka 45,000 hivi iliyopita, na vipande vyake vya Neandertali ni virefu kuliko vyetu. Kwake mchanganyiko ulikuwa jambo la karibuni. Tafiti zilizotoka mwaka 2024, zilizotumia mifupa mingi ya zamani namna hiyo, zinauweka kwenye kipindi kilichozunguka miaka 47,000 iliyopita.

Lini walitoka?

Tarehe hiyo ina matokeo mazito kuliko inavyoonekana. Mistari yote ya mitokondria iliyo asili nje ya Afrika inaangukia kwenye makundi mawili, M na N, ambayo yote ni watoto wa tawi moja la Afrika liitwalo L3, lenye umri wa miaka 70,000 hivi. Wachina, Wafaransa, wenyeji wa Australia na wa Amerika, wote humo. Na wote wana Neandertali ndani yao kwa kiasi kinachokaribiana. Hiyo ni dalili kwamba wanatokana na watu wale wale, waliotoka, wakachanganyika, kisha wakatawanyika.

Lakini mifupa inadai kwamba watu wa aina yetu walitoka mapema zaidi. Fuvu la pango la Apidima, Ugiriki, limekadiriwa kuwa na miaka 210,000. Taya la Misliya, Israeli, lina zaidi ya miaka 170,000. Zana za Madjedbebe, kaskazini mwa Australia, waliozichimba wanazipa miaka 65,000. Kama mababu wa wenyeji wa Australia walichanganyika na Waneandertali miaka 47,000 iliyopita, basi ama umri wa zana hizo umekosewa, ama waliozitengeneza hawakuacha wajukuu. Wanaakiolojia wengine hawapendi kusikia hivyo, nami nawaelewa. Mchanga una ushahidi wake. Ila kwa Apidima na Misliya jibu la "walitoka, wakaishi, ukoo ukakatika" linaonekana sawa kabisa. Hata hivyo huenda hawakupotea bila alama: mwaka 2020 ilionekana kwamba kromosomu Y ya Waneandertali inafanana zaidi na yetu kuliko na ya Wadenisova, kana kwamba ndugu zetu wa zamani sana waliwahi kuingia kwenye ukoo wao.

Kwa nini basi tuna uhakika kwamba msafara ulitoka Afrika na haukwenda kinyume? Turudi kwenye methali. Tuseme mji mmoja umeinakili kwa miaka elfu nyingi, na siku moja wanakili watatu wakahama na nakala ya "kibata" tu. Mji mpya utajaa "kibata", pamoja na makosa machache ya huko huko. Mji wa zamani utabaki na kila aina. Mgeni akilinganisha miji miwili hiyo atajua upi ulitangulia. Watafiti walipopima umbali kwa njia za nchi kavu wakianzia Addis Ababa, ambayo ni kituo cha kuhesabia tu na si kitovu kilichothibitishwa, waliona kwamba kadiri jamii ilivyo mbali ndivyo tofauti kati ya watu wake zinavyopungua, mpaka kwa wenyeji wa Amerika ya Kusini ambao ni mwisho wa safari.

Ndani ya Afrika mambo ni mengi zaidi, na yamechunguzwa kidogo zaidi. Sarah Tishkoff na wenzake mwaka 2009 walipima jamii 121 za bara hili, wakapata makundi 14 ya asili. Fuvu la Jebel Irhoud, Moroko, lina miaka 300,000 hivi. Masalia ya Omo Kibish, Ethiopia, yana angalau 230,000. Yako mbali sana kwa umbali na kwa wakati, na siku hizi wengi wameacha kutafuta kijiji kimoja alikozaliwa binadamu. Mfano wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 unaonyesha jamii zaidi ya moja zilizokaa mbalimbali barani, zikitengana na kuoleana kwa mamia ya maelfu ya miaka.

Shida kubwa ni joto, ambalo huvunja DNA. Jenomu nzima ya kwanza ya kale kutoka Afrika ilipatikana mwaka 2015, ya mwanamume wa pango la Mota, nyanda za juu za Ethiopia, aliyeishi miaka 4,500 iliyopita. Watafiti walitangaza kwamba wahamiaji kutoka Eurasia waliorudi Afrika baadaye walikuwa wameacha damu mpaka kwa Wayoruba na Wambuti. Miezi michache baadaye wakasahihisha wenyewe: wakati wa kupeleka data kutoka programu moja ya kompyuta kwenda nyingine, hatua moja ilirukwa na sehemu kubwa ya herufi ikaachwa nje. Kwa Afrika Mashariki matokeo yalisimama, kwa kwingine yakaanguka. Kosa la kunakili, miongoni mwa wasomaji wa makosa ya kunakili. Mwaka 2022 masalia kutoka Tanzania, Malawi na Zambia yalirudisha rekodi ya kusini mwa Sahara hadi miaka 18,000 hivi, yakionyesha wawindaji waliokuwa na asili tatu kwa pamoja: ya mashariki, ya kusini na ya kati mwa bara.

Ndiyo maana zile asilimia za vipimo vya DNA vinavyouzwa kwa wanaotaka kujua asili yao, "asilimia 30 huku, asilimia 12 kule", zinahitaji kusomwa kwa utulivu. Kampuni inalinganisha DNA yako na ya watu walio hai leo kwenye orodha yake. Haipimi mababu zako walikaa wapi, na sehemu ambayo orodha ina watu wachache jibu lake huwa la kubahatisha. Zaidi ya hapo, asilimia zinadokeza kwamba zamani palikuwa na jamii safi ambazo baadaye zikachanganyika.

Mwaka 2018 ilichapishwa habari ya kipande cha mfupa chenye urefu wa sentimita 2 hivi, kutoka pango lile lile la Denisova, cha msichana aliyeishi miaka 90,000 hivi iliyopita. Viviane Slon, aliyekisoma Leipzig, alipoona matokeo alidhani kuna kosa, akarudia na kurudia. Nusu ya DNA ilikuwa ya Neandertali, nusu ya Denisova: mama wa jamii moja, baba wa nyingine. Mama huyo alifanana zaidi na Waneandertali wa Kroatia, maelfu ya kilomita magharibi, kuliko na wale waliowahi kuishi kwenye pango hilo hilo. Na baba, Mdenisova, alikuwa na vipande vifupi vya Neandertali ndani yake, vya mababu wa vizazi mamia kadhaa nyuma yake.